Visiki vya michongoma na fensi za zamani: kwa nini havitoki, kwa nini vinachipuka tena, na cha kufanya

Ukinunua ploti iliyokaa miaka bila mtu, ama ukirudi kwa shamba la wazee ukute fensi ya michongoma imekuwa msitu, kukata juu ndio kazi rahisi. Vibarua wawili na mapanga yao, siku chache mahali pako wazi, unalipa, unafurahi, alafu mvua ikinyesha unaona kijani tena. Ama unaleta fundi wa ukuta anakwambia hawezi kuchimba msingi hapo manake visiki vimeshikana chini kutoka geti mpaka mwisho wa ploti. Nimeandika hapa zile shida watu wanakutana nazo sana na sababu zake, manake kisiki kinachokataa huwa kina sababu, na ukishaijua unaacha kupiga jembe ovyo.

Kwanza kabisa ujue ni mmea gani uko mbele yako. Watu wanaruka hapa na ndio maana wanateseka. Michongoma, ile ya miiba mirefu na matunda ya njano makali (asili yake ni Afrika Kusini, kitaalamu Dovyalis caffra), ukiikata inachipuka kwa nguvu kutoka pale shina linapokutana na mizizi. Saipresi haichipuki kabisa kutoka kwa kisiki, ukikata chini ya majani yote imeisha, kinachobaki ni mbao iliyozikwa tu. Manyara, ile wengine wanaita kariaria, kisiki chake ni laini lakini kila kijiti kilichoanguka chini kinaweza kushika mizizi na kuwa mti mpya. Lantana mizizi yake mikuu haiendi mbali, shida yake ni mbegu. Bogenvilia inarudi kutoka chini, na mkaratusi usiseme, ule ukiukata ndio kama umeuambia uanze upya.

Kama hujui kiko hai ama kimekufa, chukua kisu ukwaruze ganda karibu na ardhi, vidole viwili vitatu upana. Chini ya ganda ukiona kijani ama weupe wenye maji maji, kiko hai. Ukiona kahawia na ganda linabanduka lenyewe kama karatasi kavu, kimekufa. Kwaruza pande zote, manake kisiki cha michongoma kinaweza kuwa kimekufa upande mmoja na upande ule mwingine unapumua vizuri tu.

Umekata, na kimechipuka tena

Hii ndio malalamiko namba moja. Kabla hujalaumu kibarua, shika hilo chipukizi ulivute pole pole utazame limetoka wapi, manake kuna vitu vitatu tofauti hapa na kila kimoja kina dawa yake.

Likiwa limeshikana na kisiki chenyewe, pale kwa ganda, sababu ni kwamba shina lilikatwa juu ya ardhi na sehemu yenye macho ya kuchipua ikabaki. Mmea ulikuwa umeweka chakula kwa mizizi miaka yote hiyo na sasa unakitumia. Hapa kuna njia mbili. Moja ni kuchimba ushuke chini ya ile sehemu nene ambapo shina linageuka kuwa mizizi, kwa michongoma mikubwa hesabu sentimita 30 hivi ama zaidi, uitoe yote. Ukitoa hiyo, mizizi iliyobaki mbali kwa kawaida inaoza tu. Njia ya pili ni dawa, nitaieleza hapo chini.

Chipukizi likija na kipande cha mzizi wa zamani, mnene kama kidole, ujue kuna mzizi ulikatwa ukabaki karibu na juu ya ardhi. Fuata huo mzizi na jembe la meno, usiukate kate tu vipande, maana kwa mimea mingine kila kipande ni mwanzo mpya.

Likitoka lote na kamzizi kake kembamba keupe, na pengine bado lina yale majani mawili ya kwanza ya mbegu, hiyo sio kisiki, hiyo ni mbegu. Kwa lantana hii ndio kawaida, ndege wamekula matunda na kuacha mbegu hapo miaka na miaka, ukitoa kivuli na kufukua udongo zinaamka zote pamoja. Watu wanaona hivyo wanaenda kununua dawa kali ya visiki na kisiki chenyewe kilishakufa. Miche hiyo ing'oe kwa mkono baada ya mvua wakati udongo ni laini, rudia msimu unaofuata, alafu upande kitu kifunike udongo haraka. Na tafadhali, matawi ya lantana msiyatupie ng'ombe, inaharibu ini la mnyama na ngozi inaanza kuchubuka akikaa juani.

Sasa dawa. Inayotumika sana ni glaifosati, kemikali ya kuua mimea, na shida ya wengi ni wakati wa kupaka. Mmea ukikatwa, ile mishipa iliyo chini ya ganda inabaki wazi dakika chache tu, baadaye inakauka na kujifunga. Mtu anakata asubuhi anapaka jioni alafu anasema dawa ni feki. Kata, na mwenzako awe amesimama hapo na brashi apake hapo hapo, dakika tano zisipite. Na usimwage katikati ya kisiki, katikati ni mbao iliyokufa haibebi kitu kwenda popote, paka ile pete ya nje karibu na ganda, na ganda lenyewe kuzunguka. Kama ulishakata wiki iliyopita, kata tena kipande chembamba juu ili upate kidonda kipya. Usipake mvua ikikaribia, na usipake wakati wa kiangazi kikali mmea ukiwa umelala, manake hautavuta kitu kwenda chini. Vaa glavu, soma lebo ya kipimo, kaa mbali na mto na kisima. Na ujue mizizi ya mimea ya aina moja iliyopandwa karibu karibu huwa inaungana chini kwa chini, kwa hivyo ukipaka dawa kwa fensi yako na jirani ana fensi hiyo hiyo ikiendelea upande wake, inaweza kwenda mpaka kwake.

Mimi kwa maoni yangu, kama ni fensi fupi ya nyumbani, chimba. Dawa naiweka kwa pale ambapo huwezi kuchimba, kama kisiki kilichobanwa kati ya ukuta na bomba.

Umechimba pande zote na bado hakitikisiki

Hapa mara nyingi ni moja ya hizi nne, na mara nyingine zote.

Ulikata shina fupi mno. Huu ndio uharibifu mkubwa na unafanyika siku ya kwanza kabla hata hujafikiria visiki. Mtu akija kukata, mwambie aache shina la urefu wa kiunoni, mita moja hivi. Hilo shina ndio mpini wako. Ukishakata mizizi ya pembeni unalisukuma huku na huku na uzito wake wote unafanya kazi chini. Kisiki kilichokatwa sawa na ardhi hakina mahali pa kushika, inabidi ufanye yote kwa mtarimbo na mgongo wako.

Ya pili, unachimba shimo la kila kisiki peke yake. Michongoma ya fensi ilipandwa karibu sana, mara nyingi futi moja ama mbili kati ya mche na mche, na wengine walipanda mistari miwili. Huko chini imesukana. Ukianza katikati unapigana na visiki vitatu kwa wakati mmoja. Anza mwisho wa mstari, na badala ya mashimo chimba mtaro mmoja mrefu upande mmoja wa fensi, kama nusu mita kutoka kwa mashina na kina cha nusu mita hivi, ukikata kila mzizi unaokutana nao. Alafu unarudi mwanzo unaangusha kisiki kimoja kimoja kuelekea kwa mtaro, manake sasa kina nafasi ya kuanguka. Inaonekana ni kazi nyingi zaidi lakini fanya utaona, visiki vya mwisho vinaanguka vyenyewe karibu.

Ya tatu, kuna mzizi wa chini hujauona. Ukisukuma shina na linacheza kidogo upande huu lakini upande ule limesimama kama nguzo, huo mzizi uko upande huo ama chini kabisa. Toa udongo kwa mikono pale, ama kama una maji mwaga na mpira uoshe udongo utoke, mizizi inabaki wazi kabisa na unaona pa kupiga. Kuosha kunaokoa shoka pia, hakuna kitu kinamaliza makali kama udongo wenye changarawe. Na ukikata mzizi mnene usiukate mara moja, kata mara mbili utoe kipande cha kama sentimita 15 katikati. Ukikata mara moja tu ncha mbili zinabaki zinagusana na kubanana, na mtarimbo hauna pa kuingia.

Ya nne ni udongo wenyewe. Kwa ule udongo mweusi wa kama Syokimau na Athi River, wakati wa jua ni kama simiti na wakati wa mvua unashika beleshi haliachi. Subiri wiki chache baada ya mvua kubwa kuisha, mwezi wa sita hivi, udongo una unyevu lakini haunati. Huwezi kusubiri? Mwagia maji mengi jioni, fanya kazi asubuhi. Kwa udongo mwekundu wa Kiambu na Limuru huna shida sana, unachimbika karibu mwaka mzima.

Mtarimbo uwekee jiwe ama kipande cha mbao chini upate pa kuegemea. Jeki ya lori pia inafanya kazi vizuri, unaweka ubao mgumu chini yake isizame alafu unainua mzizi mmoja mkubwa pole pole. Kile sitaki kuona ni watu kufunga mnyororo kwa gari na kuvuta kwa kuruka. Mnyororo ukikatika unarudi kwa kasi ambayo huwezi kuikwepa, na kama haukukatika unang'oa bampa. Kama lazima uvute, tumia winchi ya mkono iliyofungwa kwa mti mkubwa, watu wote wasimame mbali na usawa wa kamba.

Jembe limegonga kitu ambacho sio jiwe wala mzizi

Simama. Fensi za zamani ndio mahali watu walipenda kupitisha bomba la maji na siku hizi waya wa stima wa geti, kwa sababu hakuna mtu analima hapo. Fukua kwa mikono uone. Bomba la plastiki likiwa limezungukwa na mzizi usivute huo mzizi, ukate kwa msumeno mdogo pande zote mbili na ukiache kipande kilichokumbatia bomba.

Ukikuta chuma kimesimama ndani ya simiti, hiyo inaweza kuwa bikoni, yaani alama ya mpaka iliyowekwa na wapimaji. Usiisogeze hata inchi. Na hapa nataka niseme jambo kwa watu wa mashamba ya urithi hasa Mkoa wa Kati wa zamani. Mashamba mengi huko yalipimwa wakati wa kuunganisha vipande vya ardhi, ule mpango wa Swynnerton wa 1954, na watu wakaambiwa wapande fensi kwa mipaka. Ramani za mashamba kama hayo zinaonyesha mpaka kwa kukadiria tu, hakuna bikoni chini, fensi yenyewe ndio mpaka. Ukiing'oa yote alafu ukaja kupanda nyingine kwa kukadiria na macho tu, umejiletea kesi. Sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inasema kuharibu ama kuondoa alama ya mpaka bila ruhusa ya msajili ni kosa. Kwa hivyo ongea na jirani kabla, sio akishakuja na chifu. Mkubaliane, mpige picha, mpigilie vigingi pamoja kwa mstari wa katikati ya visiki mkiwa wote mmesimama hapo, na kama kuna maneno maneno lete sevea kwanza, visiki visubiri.

Pawa soo inatoa vumbi badala ya vipande vya mbao

Mnyororo umekuwa butu, na kwa kisiki sababu karibu kila mara ni udongo. Ukikata karibu na ardhi unakata mchanga. Osha ganda ama ulichonge kwa panga kabla. Sababu ya pili ni hatari zaidi, kuna seng'enge ama misumari ndani ya shina. Mzee alipigilia waya kwa mche mdogo, mche ukanenepa ukaumeza na leo kwa nje huoni kitu ila pengine uvimbe ama mstari mweusi kwa ganda. Ukiona huo uvimbe, kata juu yake ama chini yake, na sehemu hiyo umalizie na shoka la zamani.

Umekichoma na hakiishi

Kisiki kibichi hakiungui, kinachemka tu. Watu wanamwaga mafuta taa, yanawaka yenyewe juu dakika kadhaa, yanaisha, kisiki kimebaki cheusi kwa nje. Chimba kukizunguka kwanza ili hewa ipite chini, kiache kikauke msimu mzima wa jua, alafu weka makaa na ufunike na kipande cha bati chenye nafasi kidogo, kiungue pole pole siku nzima. Usikiache bila mtu, moto unaweza kufuata mzizi mkavu na kutokea mahali pengine.

Lakini kuna mimea ambayo haichomwi kabisa. Manyara moshi wake unachoma macho na koo. Olianda, ile nyekundu na ile ya maua ya njano, ina sumu ya moyo na moshi wake sio wa kupumua. Hizo chimba, peleka zikaoze mbali na mifugo. Utomvu wa manyara ukiruka kwa jicho osha na maji mengi hapo hapo, endelea kuosha, alafu uende hospitali, usingoje uone kama itapoa.

Umeweka chumvi, oili chafu, maji ya betri, na hakuna kilichobadilika

Kilichobadilika ni udongo wako. Chumvi inahitaji kuwa nyingi sana kuua mzizi wa mti mkubwa, na kabla ufike hapo umeua kila kitu kingine kinachoweza kuota hapo. Oili ya gari inakaa kwa udongo miaka na ikinyesha inateremka kwa kisima. Acheni hii kitu kabisa. Kama unataka kisiki kioze, kwanza kiwe kimekufa, kisiki hai hakiozi. Kitoboe mashimo mengi marefu, jaza samadi na mbolea ya CAN kidogo, funika na udongo na uweke unyevu. Ni kazi ya miaka, sio miezi, kwa hivyo inafaa saipresi iliyo kona ambayo huna haraka nayo.

Na usifanye hivyo karibu na nyumba. Mbao inayooza ardhini ni karamu ya mchwa, wakimaliza kisiki wanatafuta kinachofuata na kinachofuata ni fremu ya mlango wako.

Umeng'oa, umepanda kitu kipya hapo, kinakufa

Tazama majani ya chini kwanza. Yakiwa ya njano na mmea umedumaa, na ulichanganya vumbi la mbao ama vipande vya mizizi na udongo, sababu ni hiyo. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinakula naitrojeni yote, mmea unabaki na njaa. Ongeza samadi iliyoiva na CAN, na siku nyingine vipande vya mbao viweke juu ya udongo kama matandazo, usivichanganye ndani.

Mche ukinyauka wote ghafla, ung'oe uchune ganda la chini karibu na mizizi. Ukikuta utando mweupe kama karatasi laini umetandaa chini ya ganda, na una harufu ya uyoga, hiyo ni Armillaria, ugonjwa wa kuvu unaoishi kwa visiki na mizizi iliyobaki ardhini na kuvamia miti hai. Watu wa majani chai wanaujua vizuri. Ndio maana wakitaka kuondoa miti ya zamani kabla ya kupanda chai hawaikati moja kwa moja, wanachuna ganda kuzunguka shina lote na kuuacha mti umesimama mpaka ufe wenyewe, ili wanga wote uliokuwa kwa mizizi uishe na kuvu asipate chakula. Kama fensi yako ina miti mikubwa na una mwaka mmoja ama zaidi mbele yako, fanya hivyo, ukiondoa kila chipukizi linalotokea chini ya pale ulipochuna ganda. Kama ugonjwa umeshaingia, toa kila kipande cha mzizi unachokiona hata kile kinene kama penseli, choma, na usipande miti hapo kwa muda, panda mahindi ama mboga.

Mahali kisiki kilikuwa panazama

Shimo lilijazwa udongo wote mara moja. Jaza kwa matabaka ya sentimita 15 hivi, shindilia kila tabaka, na mwisho acha kilima kidogo juu ya usawa manake kitashuka. Kama unajenga ukuta usijaze na udongo uliochanganyika na mizizi, itaoza na kuacha mapengo chini ya msingi, alafu ukuta unapasuka na unalaumu fundi. Toa yote, tumia maram iliyoshindiliwa, na msingi ushuke chini ya mahali mizizi ilifika.

Mkono umevimba baada ya kazi

Mwiba wa michongoma unaingia ndani na ncha yake inavunjika huko, kwa juu unaona kanukta tu. Kama panauma ukibonyeza, pamevimba na pana joto, bado uko ndani, nenda utolewe, usichokore na pini ya nguo. Na kama hukumbuki lini ulichomwa sindano ya pepopunda, omba siku hiyo hiyo. Siku ya kazi vaa glavu za ngozi, zile za kitambaa miiba inapita, na matawi yakusanye kwa uma ya shamba uyachome ama uyarundike mahali watoto hawapiti, manake mwiba mkavu wa michongoma unatoboa tairi hata miezi mingi baadaye.